Presha hupanda nikiwa na mume wangu, nikiwa na dada inashuka

Mama Shamim, Busia: Habari zenu. Nauza mukene (dagaa) sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Nikienda kliniki na mzee, mashine inasoma 150/95 hivi. Nikienda na dada, 130 na kitu. Nesi yuleyule, mashine ileile. Mzee si mkali, ila tangu aweke kiwanja chetu rehani bila kuniambia, tunaongea ya watoto tu. Mkono ukifungwa ananiuliza, "Umekula chumvi tena?" Mtu anaweza kukupandisha presha kwa kukaa tu pembeni? Au nazua?

Nesi mstaafu, Tororo: Huzui, mama. Lakini kwanza acha kumjibu mkono ukiwa umefungwa, kuongea tu kunapandisha. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni. Na hiyo 130 usiisherehekee, pima na nyumbani.

La mzee sasa. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, mishipa inabana. Unayemwamini akiwepo, ubongo hulegeza. Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani waliwalaza wake 16 kwenye skana, wakiwatishia shoti ndogo ya umeme mguuni. Waliposhika mkono wa mume ubongo ulitulia kuliko waliposhika mkono wa mgeni, na wenye ndoa nzuri walitulia zaidi. Kwa hiyo si kila mkono wa mume ni dawa, ndugu zangu!

Dereva wa lori, Malaba: Pole dada. Mimi foleni ya mpakani hainisumbui kama simu ya kaka yangu. Nampenda, ila sijui anapiga kunisalimia au kunikopa.

Nesi mstaafu, Tororo: Watu wa namna hiyo ndio hasa wanaopandisha presha! Mwaka 2003 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliwavalisha watu vipima presha siku nzima. Presha ilipanda wakiongea na wale wanaowapenda na kuwakera kwa pamoja.

Mama Shamim, Busia: Kumbe! Asante musawo. Kliniki nitaenda na dada. Ya kiwanja nitamwuliza mzee Jumapili, watoto wakiwa kwa bibi yao. Hiyo mashine ya nyumbani, ya mkono wa juu au ya kifundo cha mkono, ipi nzuri?

Nesi mstaafu, Tororo: Ya mkono wa juu. Na mkanda ukutoshe.