Birr, shilingi na madeni ya dola yanayoiva karibuni

Ami, shikamoo. Hapa Doha ninafanya kazi na Wahabeshi, yaani Waethiopia, na tangu birr, sarafu ya Ethiopia, ilipoachiwa ijitafutie bei yake tarehe 29 Julai 2024 wananiuliza kwa nini sarafu yao imeporomoka ilhali shilingi yetu ya Kenya imepanda, na nchi zote mbili ziliuza hatifungani za dola, yaani hati za mkopo wa serikali, mwaka huohuo wa 2014. Nami nina langu: nyumba ya Kisauni imefika kwenye lenta. Je, niendelee kutuma, au nilimbikize riali nikisubiri dola ipande tena?

———

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la wenzako, kwa kuwa jibu la nyumba limo ndani yake.

Kwa ukubwa wa deni, sisi ndio tungeanguka: hatifungani zetu zilizokuwa ziive Juni 2024 zilikuwa za dola bilioni 2, na za Ethiopia, zilizokuwa ziive Desemba 2024, zilikuwa za bilioni 1 tu. Lakini mwenye duka pale Marikiti hafilisiwi na deni la miaka kumi ijayo, bali na lile la Ijumaa hii. Linganisha basi kinachodaiwa ndani ya mwaka na dola zilizopo mkononi. Mwisho wa 2023 akiba ya fedha za kigeni ya Ethiopia haikutosha kuagiza bidhaa za mwezi mmoja, na yetu ilikuwa takriban bilioni 7, chini kidogo ya miezi minne ambayo sheria inaitaka Benki Kuu ijitahidi kuidumisha. Desemba hiyo ya 2023 Ethiopia ikaacha kulipa riba ya dola milioni 33, ingawa kwa haki yao niseme kwamba serikali ilieleza kuwa inataka wadai wote watendewe sawa katika kupanga upya madeni. Birr nayo ilikuwa imeshikiliwa kwenye 57 kwa dola huku mitaani dola ikiuzwa karibu maradufu ya bei hiyo, kwa hiyo iliyoporomoka hasa ni bei ya benki. Wenzako wanalijua hilo, maana nadhani wengi wao hawakuwa wakituma kwa benki.

Kenya ilinunua muda, na kwa bei ghali. Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili inunue sehemu kubwa ya hatifungani za asilimia 6.875 kabla hazijaiva. Deni halikutoweka, limesogezwa hadi 2029, 2030 na 2031. Hata hivyo hofu kwamba Juni tungeshindwa kulipa ilikwisha, waliokuwa wameficha dola wakazitoa, na shilingi iliyokuwa 160 kwa dola mwezi Januari 2024 ikarudi karibu na 130.

Liko deni jingine lisiloonekana kwenye hatifungani, ambalo sisi wa Mombasa tunaliona likishushwa Kilindini. Tangu 2023 mafuta yetu huletwa na kampuni za Saudia na Imarati kwa mkopo wa siku 180, kwa hiyo shehena ya Januari hudaiwa Julai. Mpango huo uliwapunguzia waagizaji haraka ya kusaka dola, lakini sasa kila mwezi una bili ya nusu mwaka uliopita, nami huihesabu pamoja na madeni ya muda mfupi hata kama wakubwa hawaitaji miongoni mwake.

Ama nyumba yako: riali ya Qatar imefungwa kwenye 3.64 kwa dola, hivyo riali 3,640 zilizokupa shilingi 160,000 Januari 2024 zilikupa karibu 130,000 Juni. Aliyesubiri amepoteza elfu thelathini kwa kila dola elfu moja. Awamu ya kwanza ya hatifungani zetu za 2019, dola milioni 300, ilipangwa kulipwa Mei 2025, na mbele ya akiba iliyokwisha kupita dola bilioni 8 mwaka 2024 haikuwa tishio kama lile la Juni 2024. Sioni basi sababu ya kulimbikiza kwa matumaini ya kupanda kwa dola. Tuma fedha za saruji na nondo za lenta sasa, fundi asije akakaa bure, na za paa, ambazo hazihitajiki bado, ziweke katika akaunti ya dola hadi kuta zikamilike.