IMETULIA? Imetulia wapi, na mimi nilikuwa macho nikiiona seva ikiungua!

MlinziWaSeva:
Wasee, nimekaa kwa ngazi za ofisi hapa Upper Hill, mikono bado inatetemeka, kwa hivyo makosa ya herufi mniwie radhi. Ile zana ya kufuatilia hali ya seva, jina lake silitaji. Mnaijua. Ile ile iliyokuja na maneno matamu, eti muulize ajenti wako, yaani roboti ya AI iliyo ndani yake, chochote kuhusu mfumo: jana, juzi, mwezi uliopita, atakujibu.

Leo asubuhi tulikuwa na kikao. Bosi, mkuu wa fedha, na watu wawili wa mteja waliopanda SGR ya usiku kutoka Mombasa. Swali lilikuwa moja tu: usiku wa kuamkia Jumapili, wiki mbili zilizopita, malipo yalikwama kwa nini? Ajenti akaulizwa mbele ya wote, kwenye projekta, herufi kubwa kama bango la kampeni. Akajibu: "Katika kipindi hicho seva ilikuwa imetulia."

IMETULIA.

Nilikuwepo usiku huo! Kuanzia saa nane na dakika 12 hadi saa nane na dakika 16, prosesa asilimia 100, foleni ya malipo imefungana kama Jogoo Road siku ya mvua. Niliwasha huduma upya kwa mkono mmoja, mwingine umempakata mtoto mwenye homa. Grafu nikaipiga picha na simu. Kioo cha laptopu kimepasuka kona ya kushoto, lakini ule mlima unaonekana, mwekundu, umesimama wima kama KICC. Leo naambiwa imetulia!

Mkuu wa fedha akanigeukia. Pole pole. Akavua miwani, akasema: "Kwa hivyo usiku ule ulituamsha bure?" Nikatamani lifti initeremshe mpaka Naivasha.

Sasa sikieni walichofanya wenye zana. Vipimo vya kila sekunde vinakaa siku chache, kisha zana inavisaga viwe wastani wa saa nzima. Dakika 56 za asilimia 20, dakika 4 za asilimia 100, piga hesabu: unapata 25. Ajenti anaona 25, anaandika imetulia. Hakusema "hapa nina wastani tu". Hakusema "data ya dakika sina tena". Angesema hivyo ningemshukuru. Mwanangu usiku ule alikuwa na joto la 39.4. Nikichukua wastani wa wiki nzima, mtoto alikuwa mzima. Daktari nimwambie alikuwa ametulia?

Miwani ile, wasee. Alivyoivua.

kahawa_chungu:
Ulimuuliza "saa nane"? Basi alikutafutia 08:00, saa mbili asubuhi, watu wanakunywa chai na mandazi. Hiyo seva ilikuwa imetulia kabisa.

MlinziWaSeva:
Nilimpa 23:12 ya UTC, Jumamosi, zile saa za dunia zilizo nyuma yetu kwa masaa matatu. Tofauti hiyo naijua, sikuanza kazi jana. Shida si saa. Shida ni IMETULIA, mbele ya mteja!

dada_hifadhidata:
Pole kaka. Siku moja ni sekunde 86,400, na ajenti hawezi kuzimeza zote, kwa hivyo anaomba pointi chache na kila pointi inakuja ikiwa wastani. Mwambie aombe kilele. Sisi tuko kwa Prometheus, zana nyingine ya kupima seva: usipogusa mipangilio yake inatunza siku 15, halafu inafuta. Ukirudi unakuta patupu, na patupu hapakudanganyi. CloudWatch, ile ya Amazon, nayo inasaga, ila wameandika wazi: vya dakika moja siku 15, vya dakika tano siku 63, vya saa moja siku 455. Unajua mapema unachopoteza.

MlinziWaSeva:
Dada, kilele nimeomba mara tatu. Walichohifadhi ni wastani peke yake, sasa kilele cha wastani ni nini? 25! Tena akaongeza kwa furaha: "Nimethibitisha, seva ilikuwa imetulia." Amethibitisha!

Msee_wa_Rongai:
Wiki mbili unakaa na tukio kama hilo bila kutoa data asubuhi yake? Na mshahara unachukua? Mkuu wa fedha alichelewa kuvua miwani.

FundiWaya:
Wewe angalau una 25. Sisi ajenti wetu aliambiwa apunguze kelele za arifa. Akazima zote. Ijumaa jioni! Jumapili diski imejaa, hifadhidata imelala chini, na simu yangu kimya kama kaburi. Nilijulishwa na mteja, nikiwa kanisani.

BintiWaUmoja:
Mnalilia wastani wa seva? Keteka, msimamizi wa ploti yetu, anagawa bili ya maji kwa wastani! Naishi peke yangu, nafua Jumamosi kwa beseni moja. Jirani ana watu saba na mashine ya kufulia. Tunalipa sawa. Nikiuliza ananiambia, "madam, hiyo ndiyo hesabu."

Msee_wa_Rongai:
Kumbe nyinyi maji mnayo? Kwetu mfereji ulikohoa mara ya mwisho Alhamisi.

kahawa_chungu:
Afadhali maji. Mimi jana niko gizani naingiza tokeni ya stima, nambari 20, nikifika ya 19 kidole kinateleza. Mara nne!

MlinziWaSeva:
Jamani, turudi kwa seva. Kuna mtu amewahi kumpelekea mteja picha ya simu ikakubaliwa kama ushahidi? Wanarudi Mombasa kesho.

FundiWaya:
@kahawa_chungu muombe mtu akusomee nne nne.

BintiWaUmoja:
@Msee_wa_Rongai mtungi wa lita 20 mnauziwa ngapi huko?

Msee_wa_Rongai:
Hamsini. Na unajibebea mpaka ghorofa ya nne.