Nasikiliza waliofanyiwa ukatili, sasa namwogopa hata shemeji yangu. Nifanyeje?

Mtunza Siri:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niko kituo cha mkono kwa mkono cha hospitali moja, mwaka wa nne huu. Mtu akibakwa, daktari, askari wa dawati la jinsia na mimi tuko korido moja. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anaipata hapohapo, hasimulii mara tano kwa watu watano. Kazi naipenda. Shida ni mimi.

Majuzi shemeji kaja kutusalimia, akampakata binti yangu wa miaka sita wakiangalia katuni. Nilimnyakua mtoto kama nimeona nyoka. Shemeji hajafanya kosa lolote. Mume kaninunia, nami siwezi kumsimulia siri za watu. Usiku naota kesi. Niache nikauze vitenge?

Ngogwe Chungu:
Zoea tu dada. Mbona wachimba makaburi wanakula ugali vizuri.

Nesi Mstaafu:
Ngogwe, maiti haimsimulii mchimba kaburi ilivyokufa.

Mwanangu, pole. Ukisikiliza kiwewe cha watu kila siku, na wewe kinakupata: ndoto, kushtuka, kumshuku kila mtu. Unaona wangapi kwa siku? Na wewe unasikilizwa na nani?

Mtunza Siri:
Shikamoo mama. Jumatatu hata saba, maana mengi hutokea wikiendi. Msimamizi anaulizia idadi za ripoti basi. Iliyonimaliza ni ya mtoto aliyeletwa siku ya tano, ukoo ulikuwa bado unakaa vikao. Dawa za kuzuia VVU zinataka ndani ya saa 72. Baadaye wakapatana kwa ng'ombe, mama hakutokea mahakamani. Kila nikifumba macho naona lile faili.

Sina Jina:
Huwa sichangii humu. Nilipitia kituo kama chako, mkoa siutaji. Dada wa pale hakuniuliza kitu karibu nusu saa. Alisogeza tu kiti chake ili asinizibie mlango. Kesi yangu nayo iliishia hewani, lakini kile kiti nakikumbuka mpaka leo. Ila dada, kama umechoka hivyo pumzika kwanza. Aliyechoka huanza kutuuliza harakaharaka, na sisi tunanyamaza.

Baba Tatu:
Kwa mumeo huhitaji kutaja kesi ya mtu. Mwambie, "Kazini nimesikia mengi, nikiona mtoto kapakatwa moyo unaruka." Shemeji naye aombwe radhi, mumeo akiwepo. Halafu wekeni utaratibu wa nyumba nzima, babu na wajomba wakiwemo: mtoto akikataa kupakatwa, hapakatwi. Hapo hakuna atakayeona anasemwa yeye.

Nesi Mstaafu:
Baba Tatu kasema. Kazini sasa: mshauri naye anatakiwa awe na mshauri wake, mtu wa fani, unamweleza kesi bila jina la mteja. Mwandikie mganga mfawidhi. Barua, siyo mdomo. Mdomo huishia koridoni.

Mtunza Siri:
Nimeongea na mume jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini sikusema tangu mwaka jana. Vitenge vingoje kwanza. Sina Jina, asante, leo nimekiangalia kiti changu: kinaziba mlango. Mama, barua niipe kichwa gani?

Nesi Mstaafu:
"YAH: OMBI LA USIMAMIZI WA KITAALUMA." Usiandike umechoka, watakupa likizo ya wiki mbili na kukurudisha palepale. Nakala baki nayo.