Tabla imepanda sauti kiangazi cha Dodoma, na siyahi ina nyufa

Mpenzi_wa_Raga
Wakuu, naomba msaada. Dayani (ngoma ya mkono wa kulia ya tabla, zile ngoma mbili za Kihindi) ililetwa kutoka Dar ikiwa imelingana na harmoniamu kwenye noti ya C#. Tangu Juni imepanda karibu nusu toni. Upande mmoja unalia wazi, mwingine umeziba. Duara jeusi la katikati (siyahi) nalo lina nyufa nyingi ndogo. Kuna aliyeshauri nipake mafuta ya nazi ngozi ilainike. Ni sawa?

Ngozi_na_Kamba
Usipake mafuta kabisa, mkuu. Ngozi ya mbuzi inayanywa, inakuwa nzito na mlio unafifia. Yakifika kwenye siyahi, inaachia.

Tatizo ni hewa. Unyevu wa Dar ulikuwa umeilegeza ngozi. Ukame wa huku unaikausha, inajivuta, sauti inapanda.

Anza na gata, vile vipande 8 vya mbao vilivyopachikwa chini ya kanda. Vigonge kwa nyundo kuelekea juu, kidogo kidogo, ukizunguka tabla yote. Mbao ya dayani ni pana chini, kwa hiyo gata likishuka linakaza, likipanda linalegeza.

Kisha gajra, ule msuko mnene wa ngozi ukingoni. Piga "na" kwa kidole cha shahada sehemu 8 kuzunguka ukingo, usikilize. Penye sauti ya chini, gonga gajra kwenda chini. Penye sauti ya juu, igonge kutoka chini. Ukimaliza sehemu moja, hamia inayoitazama ng'ambo, si jirani yake. Ukifuata jirani, ngozi inavutwa upande mmoja, na huko ndiko kuziba unakokusikia. Nyundo iguse gajra tu. Ikitua kwenye ngozi inaichana, na hapo ni kubadilisha pudi (kile kichwa cha ngozi) nzima.

Sa_na_Pa
Nyufa zisikutishe. Siyahi ni unga wa chuma uliochanganywa na uji mzito wa wanga, unapakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe mpaka upasuke nyufa nyembamba. Zisingekuwepo, ungekuwa kifuniko kigumu na ngozi isingetikisika. Mwaka 1920 mwanafizikia wa India C.V. Raman alieleza kuwa uzito huo wa katikati ndio unaozifanya sauti za juu za ngoma hii zipangike kwa ulinganifu, kama za uzi wa sitari. Ngoma nyingi hazina sifa hiyo.

Ubovu ni chembe zinapodondoka, au mlio unapokwaruza. Hapo acha kuipiga, umpelekee fundi. Usitie gundi. Futa kwa kitambaa kikavu, maji yanaiyeyusha siyahi. Na isiachwe ndani ya gari juani.

Mpenzi_wa_Raga
Asanteni sana. Je, ni kweli Amir Khusrau, yule mshairi wa Delhi, aliikata pakhavaji (ngoma ndefu ya nyuso mbili) vipande viwili, ikawa tabla?

Ngozi_na_Kamba
Simulizi hiyo ni maarufu, lakini Khusrau alifariki 1325, na ushahidi wa tabla unaanza karne ya 18, Delhi. Undugu na pakhavaji upo kweli: upande wake wa kushoto hubandikwa donge la unga uliokandwa kwa maji kabla ya kupiga, likabanduliwa baadaye. Bayani (ngoma ya mkono wa kushoto ya tabla) ina siyahi ya kudumu, tena haikai katikati. Kwa hiyo unapoiweka, kiganja kikae upande mpana wa ngozi, la sivyo sauti haitateleza.