Mrejesho: Nimeenda studio za Harry Potter, nimerudi salama

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama inafaa kutoa siku nzima ya safari yangu ya London kwenda kuona studio zilikopigwa filamu za Harry Potter, yule kijana mchawi, au ni kuchoma hela tu. Wengi mlisema niende. Mmoja akaniambia ninunue kiwanja Chanika. Kiwanja kitasubiri.

Uliyenisisitiza nikate tiketi kabla sijatoka Dar, ubarikiwe, maana huendi tu ukajipanga mlangoni. Kufika si kazi: treni kutoka Euston hadi Watford Junction, halafu basi mpaka Leavesden, zilipo studio zenyewe.

Ukumbi mkubwa wa Hogwarts, shule ya uchawi ya kwenye filamu, nilidhani ni maboksi yaliyopakwa rangi. Kumbe sakafu ni mawe kweli, nimeinama nikayagusa kama mshamba. Ila kilichonimaliza ni ile ngome ya mfano ya Hogwarts. Imejengwa kwa kipimo cha 1:24, inajaza chumba kizima. Taa za chumba hicho zinafifia taratibu, usiku unaingia, vidirisha vinaanza kuwaka kimoja kimoja. Nimezunguka pale mara tatu. Sijalia, ni vumbi tu.

Bia ya siagi, kile kinywaji cha kwenye hadithi: haina kilevi, tamu kupitiliza, povu linaganda kwenye sharubu. Sirudii.

Nimenunua na fimbo ya kichawi. Mama kaiona tu, kasema haingii ndani ya nyumba yake, uchawi wa Kizungu nao ni uchawi. Hivi sasa iko kwenye buti la gari, chini ya jeki.