Phaedra ya Tangerine Dream: faili langu bovu, au besi inahama kweli?

mpigakinanda_tanga:

Wakuu, habari za jioni. Mimi napiga kinanda kanisani, na masikio yangu huwa hayanidanganyi. Juzi jamaa alinirushia albamu ya Wajerumani wanaoitwa Tangerine Dream, inaitwa Phaedra, ya mwaka 1974. Wimbo wa kwanza una jina hilohilo na unazidi dakika 17. Hakuna anayeimba. Kuna besi inayojirudia tu, du-du-du-du, kama cherehani iliyoachwa ishone yenyewe.

Sasa kilichonileta hapa. Niliwasha kinanda changu, nikaitafuta noti ya ile besi, nikaipata. Nikaenda kumimina chai. Kurudi, nabonyeza palepale, hailingani! Na haijahamia noti ya jirani, imekaa katikati, pale ambapo kinanda hakina kitufe. Nimeshusha faili upya mara mbili, hali ni ileile. Ni faili, ni simu yangu, au walirekodi hivyo?

kitaa_beats:

Faili bovu hilo mkuu, tafuta kwingine. Ila hata likiwa zima, dakika 17 za besi? Mimi ningesinzia ya tatu.

fundi_transista:

Kaka wa Tanga, faili lako zima na masikio yako mazima. Huo ugonjwa naujua, nimekaa na redio na ampu mezani hapa Mombasa miaka mingi. Ni joto.

Hiyo besi inatoka kwenye Moog, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, na usifikirie kinanda cha kubeba begani. Ni kabati zima la moduli zilizounganishwa kwa nyaya, na aliyekuwa akiliendesha ni Christopher Franke wa kundi hilo. Noti ndani ya kabati lile ni umeme tu: ukiongeza volti 1, sauti inapanda oktava 1. Oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo kutoka noti moja hadi ya jirani ni kama milivolti 83. Betri ya saa ya ukutani ina milivolti 1500, sasa jipigie hesabu mwenyewe ni upenyo mwembamba kiasi gani. Transista za zama zile zikishika joto hata kidogo, osileta, yaani moduli inayozaa sauti yenyewe, inaanza kuteleza, na kila osileta inateleza kivyake.

Kinachorudiarudia ni sikwensa. Safu ya nobu 8, kila nobu noti moja, mashine inazipitia kwa zamu halafu inaanza upya. Kumbukumbu haina. Ukizima jioni, asubuhi unatyuni upya kwa sikio, nobu baada ya nobu.

Walirekodi mwishoni mwa 1973 kwenye studio ya The Manor, jirani na Oxford, Uingereza, jumba la Richard Branson wa kampuni ya rekodi ya Virgin. Edgar Froese, mkuu wa kundi, alisimulia kwamba kutyuni peke yake kulikula saa kadhaa kila siku. Wanaingia saa 5 asubuhi, wanatoka saa 8 usiku, na hadi siku ya 11 walikuwa na muziki wa dakika 6 hivi kwenye mkanda. Mashine ya kurekodia iliharibika, miksa ikagoma, spika nazo zikaumizwa na hiyohiyo besi unayoifukuza. Wakaenda kupumzika siku mbili, waliporudi ndipo kazi ikafunguka.

Huo wimbo wa kwanza ulitokana na kupiga bila mpango, mitambo ikawa inapata moto huku mkanda unazunguka. Osileta zikahama, wakauacha hivyohivyo. Mimi mteja akiniletea kinanda cha namna hiyo, nakitengeneza na namtoza. Wenzetu walikipeleka sokoni, kikafika namba 15 kwenye chati ya albamu ya Uingereza!

Niliwahi kuliona hili kwa macho harusini. Kinanda cha kizamani kilishinda juani kabla ya shughuli. Kufika wimbo wa tatu, mzee wa fidla alikuwa anazungusha vigingi vyake kila baada ya ubeti, anakikimbiza kinanda. Hakukipata hadi bibi harusi anaondoka.

dada_wa_santuri:

Fundi kamaliza, naongeza moja. Usiishie wimbo wa kwanza. Wa pili, Mysterious Semblance at the Strand of Nightmares, ndio wangu. Zile fidla ni Mellotron: chini ya kila kitufe kuna kipande cha mkanda chenye sauti ya fidla halisi, ukibonyeza kinavutwa, na baada ya sekunde 8 hivi kimeisha. Lazima unyanyue kidole kirudi mwanzo. Kwa hiyo Froese hawezi kulalia noti atakavyo, anabadilisha vidole kabla mkanda haujamkatikia, na ukisikiliza kwa hedifoni utaona noti hazikai sana.

Aliupiga tarehe 4 Desemba, Franke na Peter Baumann, wenzake wa kundi, wamelala kwa uchovu. Froese akamwita mkewe Monique pamoja na fundi mitambo wa studio, Monique akawa anazungusha nobu za kifaa cha kuipeperusha sauti. Mara moja tu, na ndiyo hiyo iliyomo kwenye santuri. Wanaume wawili wanakoroma, mama yuko kazini.

mpigakinanda_tanga:

Asanteni sana. Fundi, nimerudia jana usiku. Safari hii nilishika lile gurudumu la kupindisha sauti kwenye kinanda changu, nikawa naifuata besi polepole inavyohama. Nilikwenda nayo kama dakika mbili, ikanitoroka.

Mke wangu akatokea mlangoni, anauliza kinanda cha kanisa nimekifanya nini. Nikamwambia ni joto. Akaenda kufungua dirisha.