Mrejesho: Chakula cha bure na nyimbo za injili, Nyalenda

Wapendwa, niliuliza hapa kanisa letu la Nyalenda, Kisumu, lifanyeje ili kulisha majirani bure huku kwaya ikiimba, bila vurugu wala chakula kupungua. Asanteni sana mlionijibu.

Tulipika githeri badala ya pilau, kama mlivyosema. Mahindi na maharagwe tuliyaloweka usiku kucha, yakaiva upesi na kuni zikabaki. Aliyeshauri wazee na watoto wapakuliwe kwanza, Mungu akubariki! Foleni ilitulia. Spika tuliziombea kibali kaunti mapema, tukazielekeza uani, si barabarani. Majirani Waislamu nao walikuja wakala.

Kilichotushinda ni tiketi. Watu waliingia, wakala, wakawapitishia wenzao wa nje tiketi zilezile, hivyo sukuma wiki iliisha kabla akina mama wa Soko la Jubilee hawajafika. Walikula githeri tupu (na walitwambia!). Mvua ya jioni nayo ikaharibu kinanda. Kwaya ikaendelea kwa kayamba na makofi, na kusema kweli ilinoga zaidi.

Mkipanga yenu, tafuteni turubai la jukwaa kabla ya mapambo. Sisi safari ijayo tutajaribu wino kidoleni, kama siku ya kura.